Skrini za ofisini zajifunga kabla ya wakati: nani amewahi kuliona hili?

#1 BintiKizingo
Asalaam aleikum wana ukumbi. Nafanya kazi katika ofisi ya uwakala wa forodha, upande wa Moi Avenue, hapa Mombasa. Kazi yangu ni kuingiza nyaraka za mizigo: hati ya shehena, ile tunayoiita BL, ankara, orodha ya vifurushi, namba za kontena, uzito, thamani. Tangu tuletewe laptopu mpya, skrini zajifunga zenyewe. Waraka wa watu wa IT uliobandikwa ubaoni wasema zitajifunga baada ya dakika kumi bila kuguswa. Yangu haifiki dakika tatu. Nainamia karatasi kusoma namba, nikiinua kichwa nakuta saa kubwa na picha ya mlima, niandike nywila upya. Siku nzima ni hivyo.

Mimi siupingi ufungaji. Mbele ya meza yangu hupita madereva, maejenti wa nje, vijana wa chai, na kwenye skrini kuna pini za KRA, yaani namba za kodi, za wateja na thamani ya mali zao. Hayo si ya kusomwa na mpita njia. Lakini jambo likizidi watu hutafuta njia ya kulikwepa. Wenzangu wawili tayari wameandika nywila kwenye karatasi na kuibandika chini ya kibodi. Ofisi sasa iko wazi kuliko ilivyokuwa kabla ya kufungwa.

Naomba msaada kwa mawili: kinachofunga ni nini, na muda unaofaa ni upi?

#2 FundiWaya
Waaleikum salaam. Kabla watu hawajaanza kupiga ramli tutenganishe mambo. Watumiaji husema "imejifunga" kwa vitu vitatu tofauti. Skrini kuzimika tu ili kuokoa umeme, ukigusa kitufe inawaka palepale. Au Windows yenyewe kufunga, ikakuonyesha saa na kudai nywila, na ukishaiandika unakuta kila kitu ulipokiacha. Au mfumo wa mtandaoni kukutoa kwa kuwa umenyamaza, ukirudi unaanza kuingia upya na pengine ulichoandika kimepotea. Hili la mwisho haliko mikononi mwa IT wenu, liko kwa wenye mfumo. Lako ni lipi?

#3 BintiKizingo
La pili. Nikiandika nywila kazi yangu iko vilevile. Ila kuna wakati huwa nyeusi kwanza, nikigusa ndipo naona saa.

#4 Nahodha_Mikindani
Basi ni umeme huo. Laptopu ina hesabu mbili za kuzima skrini, moja ikiwa imechomekwa na nyingine ikiwa yatumia batri, na ya batri kwa kawaida ndiyo fupi. Ofisi nyingi za mjini soketi ni chache, watu chungu nzima wanategemea ekstensheni moja iliyolegea. Ikicheza kidogo laptopu yahamia kwenye batri na wewe huna habari. Skrini yazimika upesi, ikiamka yataka nywila. Tazama alama ya batri pale pembeni chini kabla ya kumlaumu mtu.

#5 FundiWaya
@Nahodha_Mikindani umesema kweli kwa nusu. Skrini kuzimika hakulazimishi nywila. Kuna mpangilio wa pili, kwenye sehemu ya kuingia, unaouliza: mtu akiwa ameondoka, nywila idaiwe lini? Kwenye laptopu zenye usingizi mwepesi, zile ambazo barua pepe huendelea kuingia hata zikiwa zimelala, kuna kila mara, dakika moja, tatu, tano, kumi na tano. Kwenye mashine za zamani ni ama ikiamka usingizini au kamwe. Kwa hiyo hata kama ni batri, lazima na huo mpangilio uwe umewekwa mkali.

#6 Kijana_Changamwe
Wakubwa mmeisahau simu. Tangu 2017 Windows 10 ina kitu cha kufunga kompyuta simu yako ikienda mbali. Unaiunganisha kwa Bluetooth, ukiondoka nayo mezani skrini yajifunga baada ya nusu dakika hivi. Hukadiria umbali kwa nguvu ya mawimbi. Sasa dada akiitia simu kwenye mkoba, mkoba kwenye droo ya chuma, mawimbi yanafifia na kompyuta yadhani ameenda Likoni.

#7 Ummu_Tudor
Na akirudi yajifungua?

#8 Kijana_Changamwe
Hapana dada. Hufunga tu. Kufungua ni kwa nywila, pini, kidole au uso.

#9 Mtaalamu_Nyali
Kwa heshima, mnazunguka mbali. Nimesimamia kompyuta za ofisi muda mrefu na kosa la kawaida ni la vipimo. Ukifungua mwenyewe dirisha la kihifadhi skrini (screensaver) kwenye Windows, muda huandikwa kwa dakika. Lakini sera inayoshushwa kutoka kwenye seva kwenda kwa kompyuta zote hupimwa kwa sekunde, na ile ya kikomo cha mashine kutoguswa nayo ni sekunde. Dakika kumi ni 600. Anayefanya haraka Ijumaa mchana huandika namba anayoifikiria, siyo inayotakiwa. Mwongozo wa CIS, shirika la usalama wa kompyuta, unaofuatwa na ofisi nyingi, wasema sekunde 900 au pungufu, isiwe sifuri, kwa sababu sifuri ni kuuzima ulinzi huo kabisa.

#10 Nahodha_Mikindani
@Mtaalamu_Nyali hesabu haikubali. Kama aliandika 10 akidhani ni dakika, skrini ingejifunga kila sekunde kumi. Binti asema haifiki dakika tatu. Nani aandike 150 akitaka kumi?

#11 Mtaalamu_Nyali
Mtu aliyeambiwa na mkaguzi "fanya iwe kali zaidi" na hakurudi kuubadilisha waraka ubaoni. Waraka na seva si kitu kimoja. Tena sera zikiwa nyingi, inayofika mapema ndiyo inayofunga. Unaweza kuwa na kumi kwenye waraka, kumi na tano kwenye kihifadhi skrini na mbili kwenye umeme. Utaziona mbili.

#12 BintiKizingo
Ahsanteni. Nimeangalia. Laptopu imechomekwa, alama yaonyesha chaji. Simu sikuwahi kuiunganisha. Nilipojaribu kufungua mipangilio ya skrini sehemu nyingine zimepauka, kuna maandishi mekundu kwamba zinasimamiwa na ofisi. Mwenzangu wa meza ya pili yake yakaa dakika kumi kweli. Laptopu ni za aina moja, tulipewa siku moja.

#13 FundiWaya
Hiyo habari ya mwenzako ni kubwa. Kama sera ya seva ni moja kwenu nyote, basi tofauti iko kwenye mashine yako au kwenye akaunti yako. Mwambie aingie kwa akaunti yake kwenye laptopu yako. Ikijifunga mapema, mashine. Isipojifunga, akaunti.

#14 Mtaalamu_Nyali
Au mko kwenye makundi mawili tofauti kwenye seva. Wanaoshika pini za KRA za wateja huenda wamewekewa sera kali kuliko wa mapokezi. Mimi ningefanya hivyo.

#15 BintiKizingo
@Mtaalamu_Nyali yeye hufanya kazi ileile yangu.

#16 Saiti_ya_Shimanzi
Mimi nina wazo ambalo hamjaligusa. Je, laptopu hizo zina kihisi cha kuona kama mtu yuko mbele? Baadhi za miaka ya karibuni zinacho, na Windows 11 ina mipangilio yake: ukiondoka yafunga, ukikaribia yawaka, ukitazama pembeni yapunguza mwanga. Binti mwenyewe kasema, "nainamia karatasi nikiinua kichwa nakuta saa." Kichwa kikiinama juu ya BL, au kukiwa na rundo la mafaili mbele ya kamera, mashine yaona kiti kitupu. Mwenzake pengine huziweka karatasi wima, ubavuni mwa skrini.

#17 Ummu_Tudor
Hili limenikaa. Mimi yangu hupunguza mwanga nikizungumza na mteja.

#18 Kijana_Changamwe
Shangazi Ummu_Tudor usiongee na wateja basi, ongea na skrini 😄

#19 FundiBodi_Majengo
Hamjambo. Mimi hutengeneza kibodi, na nitawapa sababu ya pwani. Windows hufungwa kwa kubonyeza kitufe chenye nembo ya dirisha pamoja na herufi L. Hewa yetu ina chumvi na unyevu, na ofisini kuna chai ya maziwa yenye sukari. Kitufe cha dirisha kikinata chini, hata kwa nywele moja, basi kila ukiandika L kompyuta yafunga. Namba ya kontena ina herufi nne mbele kisha tarakimu saba, na ziko kontena tele zenye L kwenye hizo herufi. Halafu kuna BL yenyewe. Kila meza ya forodha huandika L kutwa. Nimeletewa mashine watu wakisema ina virusi, kumbe ni sukari.

Namna ya kujua: funga skrini mwenyewe, ingia, fungua ukurasa mtupu wa kuandikia, andika llllll. Ikijifunga, umeshapata mchawi wako.

#20 Nahodha_Mikindani
Huu uzi umekuwa na utamu. Yakhe, sukari!

#21 Mtaalamu_Nyali
Laptopu mpya, @FundiBodi_Majengo. Chumvi haijapata muda wa kuila. Tena kitufe kikinata, kila herufi ingefanya mambo: E ingefungua mafaili, D ingeficha madirisha yote. Angelalamikia hayo kwanza.

#22 FundiBodi_Majengo
Sukari haingoji muda. Kikombe kimoja. Ila la E na D umesema sawa kikinata moja kwa moja. Kikiwa chanata na kuachia, huja mara moja moja.

#23 MzeeWaForodha
Wanangu, nimewasoma nyote. Mimi si mtu wa kompyuta, nimekaa bandari ya Kilindini tangu siku za fomu za kaboni. Nataka kumjibu Binti swali lake la pili, maana mmelikimbia.

Katika ofisi moja niliyopata kufanya kazi, mwenzetu alitoka kwenda swala akaiacha kompyuta wazi. Aliporudi aliendelea na kazi zake. Baada ya wiki ikaonekana kuna hati iliyobadilishwa uzito wa mzigo, na kumbukumbu ya mfumo ikaonyesha jina lake, saa ile aliyokuwa msikitini. Alikuwa na mashahidi safu nzima. Haikumsaidia upesi. Alisimamishwa, akahojiwa, na hata alipoachiliwa hakurudi kuwa mtu yule. Aliyefanya hatukumjua hadi leo.

Mfumo haumjui mtu aliyekaa kitini. Wajua akaunti iliyofunguliwa. Kuacha skrini wazi ni kama kuacha muhuri wako na wino mezani, mwingine akagonga. Kwa hiyo msitazame kufunga kuwa ni IT kuwasumbua. Kwanza kabisa ni jina la mfanyakazi linalolindwa, mali ya mwajiri yafuata baadaye. Na kwa hilo dakika kumi ni nyingi mno! Aliyebadilisha ule uzito hakuhitaji hata mbili.

#24 BintiKizingo
Shikamoo mzee. Hilo limenigusa sana. Ahsante.

#25 MzeeWaForodha
Marahaba mwanangu.

#26 Muuguzi_wa_Zamu
Mzee umesema, lakini njooni wodini. Kompyuta moja iko kwenye korido, wauguzi na madaktari wote waitumia. Kila mtu ana akaunti yake kwa karatasi, kwa vitendo aliyeingia asubuhi ndiye anayetumiwa na wote hadi jioni, kwa sababu kuingia na kutoka kwachukua muda na mgonjwa hangoji. Skrini ikijifunga nina glavu mikononi. Nivue, ninawe, niandike nywila yenye alama na namba, nivae tena? Dakika mbili pale ni mateso. Dakika kumi na tano ni kumwachia kila mgeni wa saa ya kutazama wagonjwa asome majibu ya vipimo. Sina jibu, na linaniuma, kwa sababu yale ni maisha ya watu.

#27 FundiWaya
@Muuguzi_wa_Zamu kwenye sehemu kama zenu muda peke yake hautatui. Kinachosaidia ni kufungua kuwe kwepesi: kadi ya kugusisha, au pini fupi badala ya nywila ndefu. Pini ya Windows hufanya kazi kwenye mashine ileile tu, akiiba mtu hawezi kwenda kuitumia kwingine. Kufungua kukiwa sekunde moja, kufunga mapema hakuumizi.

#28 Muuguzi_wa_Zamu
Alama ya kidole haifanyi na glavu, na uso tuna barakoa. Kadi naipenda.

#29 Mlinzi_wa_Data
Kuna aliyeniambia pembeni kwamba sheria ya Kenya yataka skrini ijifunge baada ya dakika tano. Nataka kulisafisha hili kabla halijaenea. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, iliyoanza kutumika Novemba mwaka huo, haitaji dakika hata moja. Kifungu cha 41 chadai hatua za kiufundi na za kiutaratibu zinazofaa, basi. Kinachofaa mapokezi hotelini si kinachofaa wodini. Ikitokea data imefikiwa na asiyehusika na kuna hatari ya kweli ya madhara kwa mwenye data hiyo, ofisi ina saa 72 za kumjulisha Kamishna wa Data. Faini ya Kamishna yafika shilingi milioni 5 au asilimia 1 ya mapato ya mwaka uliopita, kiasi kilicho kikubwa kati ya hivyo viwili.

#30 Wakili_Mtopanga
Kilicho kidogo, ndugu, siyo kilicho kikubwa. Soma kifungu cha 63. Mengine yote sawa. Niongeze: anayekaa kwenye kompyuta ya mwenzake bila ruhusa naye ana sheria yake, ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta ya 2018, kifungu cha 14. Hadi milioni 5 au miaka 3 jela, au vyote.

#31 Mlinzi_wa_Data
Sawa wakili, kilicho kidogo. Shukrani.

#32 Kijana_Changamwe
Ofisini kwetu ukiacha skrini wazi wenzako hutuma ujumbe kwa kundi zima kwa jina lako: "Kesho nawanunulia nyote mahamri na mbaazi." Na unanunua. Tangu desturi hiyo ianze hakuna anayesahau kufunga.

#33 Wakili_Mtopanga
Na hao wenzako ndio kifungu cha 14 nilichokitaja sasa hivi.

#34 Kijana_Changamwe
Wakili, mahamri tu!

#35 Wakili_Mtopanga
Leo mahamri. Kesho mmoja aandika kitu kwa bosi au kwa mteja, na mchezo wenu umeshawazoesha watu kwamba kukaa kwenye kompyuta ya mwenzako ni kawaida. Mzee hapo juu ametuambia mtu alivyoharibikiwa. Mkimkuta ameacha wazi mfungieni, mumwambie. Inatosha.

#36 Ummu_Tudor
Namuunga mkono wakili. Kumfungia mwenzio ni hisani.

#37 Keshia_Bamburi
Habari zenu. Mimi niko hotelini, tunapokea kadi za wageni. Kwetu muda si hiari: kanuni za kampuni za kadi, PCI DSS, zasema ukinyamaza zaidi ya dakika 15 lazima ujitambulishe upya. Hiyo ni dari. Meneja anaweza kushuka chini yake. Kwa hiyo Binti, swali lako la muda unaofaa, wengi wanaanzia hapo 15 kisha wanapunguza kwa kuangalia ni nani anapita mbele ya meza.

#38 Mtaalamu_Nyali
Na NIST, taasisi ya viwango ya Marekani, wanaotajwa kila mahali, katika orodha yao kubwa ya vidhibiti wameliacha pengo: ofisi yenyewe ijaze muda. Kwa hiyo yeyote anayekwambia "kiwango cha dunia ni dakika kadhaa" mwulize ni kiwango cha nani.

#39 Dereva_wa_Kibodi
Mnaumia bure. Kuna kifaa kidogo chachomekwa pembeni chaendesha kipanya chenyewe, skrini haijifungi milele. Wengine huweka kipanya juu ya saa ya mkononi, mshale wa sekunde ukipita chadhani chasogezwa. Ama cheza video bila sauti.

#40 FundiWaya
Tafadhali usimshauri mtu hivyo. Kifaa usichokijua, kimechomekwa kwenye kompyuta yenye taarifa za wateja, na kompyuta yakiona kama kipanya au kibodi! Kinachoweza kujifanya kipanya chaweza pia kujifanya kibodi na kuandika amri. Ukishikwa nacho, wewe ndiye uliyeuvunja ulinzi wa ofisi kwa mkono wako, na hapo hakuna atakayekumbuka kwamba muda ulikuwa mfupi.

#41 Nahodha_Mikindani
Video nilijaribu, kwangu haikuzuia.

#42 Keshia_Bamburi
Kwangu yazuia. Nikiwa kwenye mafunzo ya video haijifungi mpaka iishe.

#43 Mwenye_Saiba_DigoRoad
Kila mtu asema ofisi. Saiba je? Kwangu huingia mtu kuchapisha cheti, afungua eCitizen yake, ile akaunti ya huduma za serikali, aondoka akaunti iko wazi. Kujifunga skrini hakunisaidii chochote, kwa sababu anayefuata nitamfungulia mimi mwenyewe na atakuta akaunti ya mwenzake. Nilichofanya ni kuweka akaunti ya mgeni inayofutika yote mtu akitoka. Kufunga na kutoka ni vitu viwili, naona wengine mwavichanganya.

#44 FundiWaya
Umenena. Na cha tatu: kufunga si kusimba, yaani kugeuza data isisomeke bila ufunguo. Laptopu iliyofungwa skrini, mwizi akichomoa diski akaichomeka kwingine, asoma kila kitu kama haikusimbwa kwa BitLocker au mfano wake. Skrini hulinda dhidi ya anayepita. Anayebeba mashine nzima na kwenda nayo ni shughuli nyingine.

#45 BintiKizingo
Nimerudi na majibu, samahani kwa kukawia, bandarini kulikuwa na msongamano.

Nimeandika llllll ukurasa mzima. Haikujifunga. Lakini baadaye, nikiwa naingiza kontena, ilijifunga katikati ya kuandika, mikono ikiwa juu ya kibodi! Mara moja tu. Mwenzangu aliingia kwa akaunti yake kwenye laptopu yangu: asubuhi ilikaa vizuri, alasiri ikajifunga mapema. Kwenye mipangilio sehemu ya kihisi cha mtu siioni, sijui haipo au imefichwa na ofisi. Na mtu wa IT kanijibu kwa barua kwamba kwake yaonekana 600.

#46 FundiBodi_Majengo
Katikati ya kuandika! Hakuna muda wa kutoguswa hapo. Ni kitufe.

#47 Saiti_ya_Shimanzi
Ama kihisi. Alasiri jua la magharibi laingia madirishani upande ule wa mji, kamera yapofuka. Asubuhi ilikaa vizuri, ameandika mwenyewe.

#48 Nahodha_Mikindani
Ama ekstensheni. Alasiri ndipo feni zote ziko juu.

#49 Mtaalamu_Nyali
Na mimi nabaki na sera. 600 anayoiona kwenye seva ni ile aliyoiandika. Nataka kujua iliyofika kwenye mashine. Aendeshe ripoti ya sera kwenye laptopu yenyewe. Pia kama ulijiunganishia barua pepe ya kazi mwenyewe, akaunti ya barua yaweza kuja na masharti yake ya kufunga.

#50 FundiWaya
Tuache kubishana kwa kukisia, mashine huandika. Kwenye kumbukumbu ya usalama ya Windows, kufungwa ni tukio namba 4800, kufunguliwa 4801. Kihifadhi skrini kikianza ni 4802, kikiondoka 4803. Mwombe IT awashe ukaguzi wa matukio hayo, kwa kawaida huwa umezimwa. Wewe andika saa kila ikijifunga. Ukikuta 4802 imetangulia 4800, ni kihifadhi skrini, kwa hiyo sera. Ukikuta 4800 peke yake, tafuteni kwenye kitufe, kihisi au simu. Kumbukumbu ya mfumo nayo huonyesha mashine ikilala na kuamka, hapo Nahodha atajua kama ni usingizi.

Na wakati mnasubiri, wale wenzako watoe zile karatasi chini ya kibodi leo hii. Waombe wawekewe pini.

#51 BintiKizingo
Moja ameshaitoa. Ya pili nitazungumza naye, ni mtu mzima, nitamwendea taratibu. Ombi la ukaguzi nimelituma.

#52 Mwalimu_Likoni
Nimefuata kimya. Mimi nina maabara ya shule, wanafunzi wote hutumia akaunti moja kwa kompyuta. Nikiweka ijifunge, wa darasa linalofuata hawana nywila, na nikiwapa nywila kila mmoja ataijua. Nikiwapa akaunti kila mmoja, wanaondoka bila kutoka na mashine yabaki imefungwa kwa jina la mtoto aliyekwenda nyumbani. Nifanyeje?

#53 Mwenye_Saiba_DigoRoad
Mwalimu, kwako kufunga siko. Weka akaunti kwa kila mmoja, na mashine imtoe kabisa mwanafunzi aliyenyamaza badala ya kumfungia. Wafundishe kuhifadhi kazi kabla kengele haijalia, maana kutolewa hufunga kila kitu kilichokuwa wazi.

#54 Mtaalamu_Nyali
Naongeza: aliyefungiwa bila kutoka huendelea kula kumbukumbu ya mashine, ile RAM. Watoto watatu wakibadilishana hivyo kwenye kompyuta yenye GB 4, wa nne hatafanya kazi.

#55 Mwalimu_Likoni
Zetu ni 4 hasa. Muda wa kumtoa niweke kiasi gani? Kipindi ni dakika 40.

#56 FundiWaya
Anza na 15, uone wangapi watalalamika.

#57 Muuguzi_wa_Zamu
Kabla uzi haujahamia shuleni wote: anayejua duka hapa Mombasa liuzalo visoma kadi vya kugusisha anitumie ujumbe. Nataka kwenda kwa msimamizi nikiwa na bei mkononi.

#58 FundiBodi_Majengo
Nipe hadi jioni dada, nitaulizia Biashara Street.